Mama Anauliza Kinanukia Nini

Pearland, Texas
Jumamosi, 21 Septemba 2002

Dada yangu mpendwa Kemunto,

Nakusalimu kwa upendo, na leo kwa woga kidogo. Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na ile homa iliyokulaza wiki ya kufungua shule imekwisha kabisa. Watoto wako wa Kidato cha Nne wanaendeleaje na ile riwaya waliyokuwa wakiisinzilia? Huku mimi ni mzima na shule imefunguliwa. Baba pia ni mzima isipokuwa mgongo, maana wale wazee anaowahudumia kazini ni wazito kuliko wanavyoonekana. Kuhusu Mama nitakuambia yote, lakini nakuomba usiruke kurasa. Nimeandika barua hii na kuichana mara nyingi, na huu ndio mpangilio pekee ambao mkono wangu umekubali kuufuata.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku Mama alipoacha kupika, nilifurahi.

Unakumbuka Mama anavyopika kwa majira. Hata hapa Pearland, ambapo nyanya zinapatikana dukani mwezi wowote, aliendelea kula kama mtu wa kwao Imenti anayesubiri mvua. Alilima nyuma ya nyumba mpaka kwenye ua wa jirani. Baridi ikiisha ilikuwa sukuma na maharagwe mabichi. Joto likianza ilikuwa mnavu, mchicha na majani ya kunde, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, kwa sababu mchambuzi wa mboga nilikuwa mimi. Kila Jumamosi nilikaa barazani na beseni mapajani, kitabu kikiwa wazi kando yangu, mbu wakinila miguu, na Mama akipita ananiuliza kama hicho kitabu nacho kitaiva.

Mwishoni mwa Oktoba ilikuwa mbaya zaidi. Wamarekani huweka maboga mazima milangoni kama mapambo, na sikukuu yao ikiisha huyatupa. Mama hakuweza kuvumilia dhambi hiyo. Alinituma mimi, mimi ninayeona haya hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda msalani, nigonge mlango baada ya mlango nikiomba maboga. Mzungu mmoja mwenye huruma aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna njaa. Nilisema hapana, asante, nikarudi nikisukuma toroli huku nalia. Mama alinicheka, akasema haya haijawahi kumshibisha mtu, na tukala maboga mpaka Krismasi.

Kwa hiyo mwaka jana, alipoanza kurudi kutoka kazini akiwa amechoka na jiko likapoa, nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilisoma Jumamosi nzima bila beseni. Mchicha ulikua mrefu ukatoa mbegu, wala hakuna aliyeniita.

Sauti yake ilikuwa ikikwaruza tangu kiangazi. Nyinyi mliambiwa ni mafua. Sisi pia tuliambiwa ni mafua, na aliyetuambia ni yeye mwenyewe, muuguzi wa miaka yote hiyo. Haikuwa mafua. Ilikuwa saratani ya koo. Mama hajawahi kuvuta sigara. Alianza kuchomwa mionzi mwezi wa Oktoba, katika hospitali ileile anayofanyia kazi, akishuka kutoka wodini kwake na kulala kwenye kitanda cha wagonjwa.

Najua umesimama hapa. Kaa chini, dada, kisha uendelee.

Aliyetupeleka kwa mara ya kwanza kula chakula cha Kitaiwani ni Anti Hsu, muuguzi mwenzake Mama. Ametoka Tainan, ni mjane, na huendesha gari kama mtu anayekimbiza mwizi. Siku moja baada ya mionzi alitukuta kwenye maegesho, Mama ameshika shingo, Baba hajui la kufanya. Hakuuliza hali. Alisema tumfuate. Tulimfuata mpaka Barabara ya Bellaire, kusini-magharibi mwa Houston, ambako mabango yote yana maandishi nisiyoyajua, na akatuingiza kwenye mkahawa mdogo wenye meza zinazonata na televisheni inayopiga kelele.

Dada, sitakudanganya kwamba nilikuwa na huzuni siku ile. Nilikula. Walituletea supu ya tambi yenye nyama ya ng'ombe iliyochemka hadi kuachana yenyewe, mchuzi mweusi wenye pilipili inayokuja taratibu. Walituletea kuku wa kukaangwa vipande vidogo, na majani ya mrehani yaliyokaangwa pamoja naye yakivunjika mdomoni. Kulikuwa na kimanda cha chaza, kinanata na kitamu, na chai baridi ya maziwa yenye punje nyeusi zinazovutwa kwa mrija mnene. Anti Hsu alisema punje hizo ni wanga wa muhogo. Baba alisema amekula muhogo maisha yake yote, lakini hajawahi kuona uliogeuzwa kuwa gololi. Baba alilelewa Msabato, na ingawa aliacha zamani, aliuliza kila bakuli kama lina nguruwe. Anti Hsu alichoka, akamwambia kila kilicho kitamu mezani hapo kina nguruwe, basi achague kati ya dini yake na tumbo lake. Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikaripiwa kwa kuinamisha kichwa kwenye bakuli. Anti Hsu alisema ni mbwa anayefuata chakula kilipo. Mtu hukiinua.

Mama mwenyewe alikula kitu kimoja tu, tofu ya soya, laini kama maziwa ya mgando, katika maji ya sukari na tangawizi. Ndicho pekee kilichopita kooni bila kumuumiza.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Siku za mionzi tulikwenda Bellaire. Asubuhi nyingine tulikunywa maziwa ya soya ya moto na vitu virefu kama mandazi yaliyonyooshwa, unayachovya. Akina mama wa kanisa walileta masufuria ya githeri na mukimo, kama ilivyo kwetu mtu akiugua, na mimi na Baba tuliyala ili wasione yamerudi. Lakini moyo wangu ulikuwa Bellaire. Nyumbani kulikuwa na harufu ya dawa. Kule kulikuwa na mvuke, kelele, na watu wasiotujua, na hakuna aliyetuombea tukiwa tunatafuna.

Mionzi haikutosha. Mwezi wa Januari walimfanyia upasuaji. Walitoa koromeo lote, na sauti ikaondoka nalo. Sasa anapumulia tundu lililo shingoni. Tangu Januari, Kemunto, Mama hajasema neno hata moja.

Najua unachojiuliza, na Jumamosi zote zilizopita zimesimama mbele yako. Nitafika huko. Nivumilie kidogo tu.

Kuna jambo ambalo hatukuelezwa, au tulielezwa tukalisahau kwa hofu. Mtu asipopumua kwa pua hanusi. Mama aligundua tulipomrudisha Bellaire mwezi wa Februari. Tulikaa mezani, supu ikaja, na nikamwona ameinamia bakuli langu kama mtu anayetazama ndani ya kisima. Kisha alichukua ubao wake mdogo mweupe akaandika: Kinanukia nini?

Sikujua kueleza. Nilisema kinanukia vizuri. Alifuta akaandika kwamba hakunipeleka shule ili nimjibu hivyo. Basi nilijaribu. Nilimwambia kuna nyama, na nyuma ya nyama kuna kitu kama mdalasini, na chini kabisa kuna kitu kilichochacha, kama mtungi wa uji wa wimbi siku ya tatu. Alifumba macho. Tangu siku hiyo kila sahani iliyowekwa mezani ilinipitia mimi kwanza. Siku Anti Hsu alipoagiza ile tofu inayonuka, ambayo wao huipenda hivyohivyo, Baba alitoka nje akasema humo ndani kuna mtaro uliokufa. Mama alikaa peke yake na sahani, hanusi chochote, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Kiangazi tulikula barafu iliyokwaruzwa kama theluji, yenye maharagwe matamu na viazi vya nduma vilivyopondwa kwa sukari. Mama alionja kidogo kwa ncha ya kijiko, akaandika: Nduma na sukari! Mama yangu akisikia atapiga magoti aombe. Hicho ndicho chakula cha mwisho alichokula kwa kinywa mbele yangu.

Sasa nifike pale.

Uamuzi wa kutowaambia ulikuwa wa Mama. Alisema, wakati bado anaweza kunong'ona, kwamba Bibi ana shinikizo la damu, na wewe una kazi mpya na huna mtu wa kukushika mkono. Baba alikubali. Watu wote wa kwetu hapa Houston wanajua, na hakuna aliyepiga simu nyumbani, kwa kuwa sisi ndivyo tulivyo. Mtu aliye mbali haambiwi ugonjwa, huambiwa kifo. Miezi ya mwanzo Baba alikudanganya kwamba Mama yuko zamu. Kisha mwezi wa Machi ulipiga bila taarifa, Jumamosi asubuhi, nikashika simu nikasema haloo. Ukasema, Mama!

Unajua watu wanavyotuchanganya mimi na Mama kwa sauti. Hata Baba akipiga kutoka kazini huniita mke wangu kabla sijamkatiza. Nilimtazama Mama kwenye kiti chake. Nilitaka kusema ni Moraa. Lakini alikuwa amesikia furaha yako kutoka kule alikoketi, na alinifanyia ishara kwa mkono: endelea. Basi nikaendelea. Nilikuuliza umekula nini, jinsi yeye anavyouliza. Ulipouliza habari za Moraa nilisema, huyo? Yuko maktaba, vitabu vitammeza siku moja. Mama alicheka.

Baada ya hapo kila Jumamosi tulinunua kadi ya simu, nami nikawa yeye. Aliniandikia ubaoni la kusema, na mara nyingi lilikuwa chakula. Aliandika kile ambacho angepika majira hayo kama angekuwa na nguvu. Mnavu umeota, leo nimeuchemsha na maziwa. Kunde ni changa, nimeziunga kwa vitunguu tu. Wewe ulimeza mate kwenye simu, ukasema unatamani kuwa mezani kwetu. Jikoni hapakuwa na kitu, dada. Kulikuwa na masanduku ya karatasi ya Bellaire na maziwa ya kopo anayomiminiwa tumboni kwa mrija.

Hayo Mama anayajua. Yanayofuata hayajui.

Wakati mwingine alilala kabla hujamaliza, nami sikukata simu. Niliendelea bila ubao. Mimi shuleni ninakula peke yangu ili nisizungumze na mtu, lakini nikiwa Mama maneno yalikuja yenyewe, nikakutania, nikakukaripia, nikakuombea. Nawe uliniambia mambo ambayo hujawahi kuniambia mimi. Habari za Nyaga wako, na alichokufanyia, na ulivyolia ofisini kwa mwalimu mkuu, nilizisikia mimi. Mama hajazisikia. Ile faraja uliyosema imekuinua kitandani ilikuwa yangu, na niliitoa kwenye vitabu na kwenye kumbukumbu ya jinsi anavyosema. Naomba unisamehe. Sikumwambia mtu.

Na mwishoni mwa Julai ulisema viza imetoka, kwamba likizo ya Agosti ungeweza kuja, ukauliza, Mama, nije sasa au ningoje? Mama alikuwa amelala chumbani. Nilisikia feni ikizunguka. Kisha nikasema, kwa sauti yake, kwamba usiwaache watoto wa mtihani, umalizane na Kidato cha Nne, uje Desemba. Ukasema, sawa Mama, kama unavyosema.

Hakuna aliyenituma. Nimejiuliza kwa nini, na majibu ninayopata yote ni mabaya. Ungekuja ungemwona, na ingekuwa kweli. Na ungekuja ningerudi kuwa Moraa, yule mdogo anayetumwa, na usingeniita tena kama ulivyokuwa ukiniita. Nadhani la pili lilikuwa kubwa zaidi.

Mama alikuwa hajakataa uje. Alikataa tu uambiwe. Kila Jumamosi, nikiweka simu chini, ameniuliza ubaoni: Kemunto hajasema atakuja? Na kila Jumamosi nimejibu, hajasema. Anafuta ubao kwa kiganja. Wiki iliyopita alifuta kabla sijajibu.

Ugonjwa umerudi, na umeshuka kifuani. Madaktari wameacha kuongea habari za tiba. Muuguzi huja nyumbani kumpa dawa ya maumivu. Daktari alimwambia Baba kwamba tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Desemba ni mbali mno, dada. Usingoje Kidato cha Nne. Usingoje mshahara. Baba atatafuta nauli, na kama hana, watu wa kanisa watachanga, ndivyo wanavyofanya kwa kila mtu. Njoo.

Jumamosi iliyopita nilikupigia nikitaka kukueleza haya. Nilifungua kinywa, na iliyotoka ni ile sauti, ikakuambia mchicha umestawi. Ndiyo maana naandika. Leo hatukukupigia, na najua ulisubiri. Barua hii nampa Kibet, yule kijana wa kanisani kwetu anayekwenda Eldoret kumzika babu yake. Ameniahidi ataipeleka mpaka shuleni kwako mwenyewe. Anaondoka kesho.

Nisalimie Bibi ukimwona, lakini usimweleze mpaka uwe umeketi karibu naye. Wasalimie walimu wenzako. Wewe mwenyewe nakusalimu kama nilivyo, bila sauti ya mtu mwingine.

Ni mimi mdogo wako,
Moraa Patroba

Nimeshatia sahihi, lakini kuna jambo limetokea na lazima nikuandikie.

Sikuona haki wewe ujue kabla yake. Nimekwenda chumbani na karatasi hizi, nikamsomea zote tangu mwanzo, kwa sauti yangu. Alisikiliza akitazama dari. Kuhusu maboga alitabasamu. Nilipofika kwenye Agosti sikuinua macho, nikasoma mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono. Nilidhani anataka ubao, nikausogeza, lakini aliupita ubao akanipiga kofi. Halikuwa na nguvu, mkono wake umebaki mfupa, ila lilikuwa kofi. Halafu akaugeukia ukuta.

Nilikaa pale nikitumaini atageuka. Hakugeuka. Nimempigia Baba kazini na kumwambia habari ya Agosti. Alisema anaomba ruhusa arudi nyumbani, na kwamba atakupigia yeye mwenyewe kukikucha kwenu. Kwa hiyo barua hii huenda ikakukuta umeshajua, au ikakukosa kwa kuwa uko njiani. Hata hivyo naituma.

Nimembadilishia Mama maji na kumsafishia mrija. Aliniruhusu, lakini hakunitazama. Sasa nimenawa uso, nimevaa viatu, na natoka kwenda kwa Kibet.